Ramani ya chumvi ya maji ya ardhini: huchorwaje, na uisome vipi kabla ya kuchimba kisima

Swali hili hutufikia studio karibu kila kiangazi kutoka vijiji vya pwani: "Jirani ana kisima cha maji matamu. Mimi nimechimba hatua mia mbili kutoka kwake, nimepata maji chumvi. Kwa nini?" Siku hizi swali limeota mkia: "Na ile ramani waliyotuonyesha kwenye mkutano wa kijiji ilisema huku kwangu ni buluu, yaani pazuri."

Kisima kirefu ni mamilioni ya shilingi. Mara nyingi fundi hulipwa kwa mita, na akikutana na maji matamu au chumvi, hesabu yake ni ileile. Anayebaki na shimo ni wewe au kamati yenu ya maji. Kwa hiyo kujua ramani hizi zinatoka wapi ni jambo la mfukoni kabisa.

Ukisoma makala hii haraka haraka, shika hili kwanza: kwenye ramani ya chumvi, kilichopimwa ni nukta tu, yaani visima ambako mtu alifika na kifaa. Rangi yote iliyojaa katikati ya nukta hizo ni makadirio ya kompyuta. Yanaweza kuwa makadirio mazuri sana au mabaya sana, na rangi haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Maji matamu yanaelea

Mvua inyeshayo pwani huzama ardhini na kukuta maji ya bahari yameshajipenyeza chini ya nchi kavu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kwa hiyo ni nzito kidogo kuliko ya mvua. Maji matamu hukaa juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Tofauti ni kwamba mpaka wake haukatiki wazi kama wa mafuta. Pana ukanda ambamo maji hayo mawili yamechanganyika.

Mholanzi Willem Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Alexander Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walipata kanuni ambayo wataalamu wa maji wa pwani wanaitumia hadi leo. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo.

Ukiisikia mara ya kwanza inapendeza: mita 1 inakupa 40! Sasa igeuze. Maji ya kisima chako yakiwa nusu mita tu juu ya usawa wa bahari, hazina yako inaishia mita 20 chini ya usawa huo. Mkivuta kwa pampu hadi kiwango cha maji ya eneo kishuke kwa nusu mita na kubaki hapo, baada ya muda mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Chini ya pampu yenyewe chumvi hupanda mapema zaidi, ikichongoka kama kichuguu kuelekea mdomo wa bomba. Ndiyo maana kisima kinaweza kuanza kitamu, kikanunuliwa pampu kubwa, kikaharibika ndani ya misimu michache.

Hapo ndipo ushauri wa "tuongeze mita kumi, tutapata maji mazuri" unapoumiza watu. Bara, kwenye miamba, kuongeza kina kunaweza kusaidia. Pwani, kwenye mchanga ulio wazi au mawe ya matumbawe, unaweza kuwa unalipa fundi akupeleke kwenye chumvi.

Nimesema "unaweza" kwa sababu kuna mahali hali ni kinyume. Dar es Salaam ina tabaka la mchanga la juu na jingine la chini, na katikati sehemu nyingi kuna udongo wa mfinyanzi unaozuia maji kupita kirahisi. Kusini mwa jiji, upande wa Kimbiji, visima vya mradi wa maji vimeshuka mamia ya mita kufuata maji matamu yaliyo chini sana. Kwa hiyo kina peke yake hakitoshi kukuambia kitu. Kinachoamua ni tabaka lipi limefunika lipi.

Kwa mfano wa maji yanayoelea, tazama Lamu. Mji ule umenywa miaka mingi maji ya mvua yaliyozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambayo yamekaa juu ya maji ya bahari. Anayejenga au kuchota mchanga juu ya vilima vile anagusa tanki la maji la mji.

Namba moja inayobeba kazi

Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Chumvi ikiyeyuka ndani yake, umeme hupita. Kipima chumvi cha mkononi, kinene kidogo kuliko kalamu ya ubaoni, hupima jambo hilo moja: umeme unapita kwa urahisi gani. Jibu hutoka kwa mikrosimensi kwa sentimita. Nitasema "mikrosimensi" tu.

Maji ya mvua hutoa makumi machache, maji ya bahari 50,000 hivi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maji asilia ya kunywa kinaishia 2,500. Kwa umwagiliaji, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema chini ya 700 hakuna wasiwasi, kati ya 700 na 3,000 uwe mwangalifu, na zaidi ya 3,000 tatizo ni kubwa. Maharage hulalamika mapema. Mahindi huvumilia kidogo zaidi, na mnazi, kama ujuavyo, humtazama mwenye shamba tu.

Haihitajiki bahari nyingi kuharibu kisima. Ndoo moja ya maji ya bahari ndani ya ndoo 49 za maji matamu, yaani asilimia 2, inatosha kufanya wengi waisikie chumvi mdomoni.

Ladha si shida pekee. Huko Bangladesh, kwenye wilaya za pwani za upande wa Khulna, watafiti walikuta kwamba maji ya kunywa yenye chumvi yanahusiana na shinikizo la damu kwa wajawazito, kifafa cha mimba kikiwemo. Mwenye presha na mjamzito wana sababu ya kuuliza kisima chao kinasoma ngapi.

Kuna mambo mawili watu huyachanganya. Kuchemsha hakutoi chumvi. Maji yanapungua kwa mvuke na chumvi inabaki, kwa hiyo inaongezeka. Na kipimo kidogo cha chumvi hakimaanishi maji ni salama. Kifaa hiki hakioni vijidudu vya choo, wala hakikuambii kama kuna madini ya floraidi yanayoharibu meno na mifupa, kama yale ya Arusha. Kwa hayo unahitaji maabara.

Kompyuta inajazaje rangi?

Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao mafundi huuita kwa herufi zake tatu, GIS, ni programu inayounganisha mahali na taarifa. Fikiria karatasi za nailoni zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine. Moja ina ufuko na mito, nyingine aina ya udongo na mwamba, nyingine barabara na vitongoji, nyingine visima. Ukigusa nukta ya kisima, inafunguka safu ya jedwali: kina chake, kilipimwa lini, kilisoma ngapi, nani mwenye pampu. Moja ya programu hizo, QGIS, ilianza mwaka 2002 na ni ya bure. Ofisi ya wilaya yenye kompyuta ya kawaida inaweza kuitumia.

Baada ya visima kuingizwa huja kujaza nafasi kati yao. Njia rahisi kuliko zote inasema: aliye karibu nawe ana sauti kubwa kuliko aliye mbali. Tuseme unataka kuchimba kwako. Kisima kimoja kiko mita 200 kutoka hapo na kinasoma 800. Kingine kiko mita 600 na kinasoma 3,200. Cha pili kiko mbali mara tatu, na kwa kanuni inayotumika sana, sauti yake inakuwa ndogo mara tatu kwa tatu, yaani mara tisa. Kwa hiyo kompyuta inahesabu 800 mara tisa, inaongeza 3,200 mara moja, inagawa kwa kumi. Jibu ni 1,040. Kiwanja chako kinapakwa rangi ya "maji yanayofaa".

Hesabu haina kosa. Lakini kompyuta haikuuliza kama kile kisima cha 800 kina kina cha mita 12 huku wewe ukitaka kwenda 60. Haikuuliza kama kati yako na kile kisima kuna mkono wa bahari wenye mikoko. Haikuuliza kama kilipimwa mwezi wa Mei masika ilipokuwa inakatika, na kile cha 3,200 kilipimwa Oktoba. Imepewa namba mbili na umbali, ikatoa namba ya tatu.

Kuna njia nyingine yenye akili zaidi, inayoitwa kwa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini. Miaka ya 1950 alikuwa anatafuta namna ya kukadiria dhahabu iliyoko kati ya mashimo ya majaribio huko Witwatersrand. Mfaransa Georges Matheron akaijengea msingi wa hesabu na kuipa jina la Krige. Njia hii kwanza huvitazama visima vyote na kuuliza: hapa kwenu, visima viwili vikiwa umbali fulani, kwa kawaida vinatofautiana kiasi gani? Ikishajua ndipo inakadiria. Na inatoa ramani ya pili, inayoonyesha ni wapi makadirio yana uhakika na ni wapi yanapapasa gizani.

Hiyo ramani ya pili ndiyo ningependa ibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji. Mikutanoni huletwa ya kwanza tu, kwa sababu ina rangi nzuri.

Makosa yanayofichwa na rangi

Kosa kubwa ni kuchanganya vina. Ukiweka kwenye karatasi moja visima vya mkono vya mita 10 na visima virefu vya mita 80, unapata ramani ya kitu ambacho hakipo popote chini ya ardhi. Kazi nzuri hutoa ramani mbili, ya maji ya juu na ya maji ya chini, hata kama kila moja itabaki na nukta chache.

Kosa la pili ni wakati. Chumvi hutembea. Ukame wa mwaka 1997 ulipoupunguza mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji ya bomba, uchimbaji wa visima jijini ulipamba moto, vya serikali na vya watu binafsi, na haukupoa mvua iliporudi. Maelfu ya pampu zikawa zinavuta kutoka kwenye mchanga uleule uliopakana na bahari. Kati ya mwaka 2011 na 2014, Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana katika mradi wa mabadiliko ya tabianchi kwenye ukanda wa pwani wa jiji, na sehemu ya kazi ilikuwa kupima visima na kuchora chumvi kwa GIS. Ramani ya namna hiyo ni picha ya miaka ile. Ukiletewa leo kama ushauri wa kuchimba, uliza kama kuna mtu aliyerudi kupima tena.

La tatu ni la kiufundi kidogo, lakini nitalisema kwa sababu linaonekana dogo. Watu huchukua ramani ya miinuko iliyopimwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ambayo ni ya bure, ili kujua ardhi iko juu ya bahari kwa kiasi gani, kisha wanatumia ile kanuni ya 40. Ramani ile inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Mita kadhaa ukizizidisha kwa 40 umepata upuuzi. Kwa kazi hiyo lazima mtu aje apime mdomo wa kisima kwa vyombo vya upimaji wa ardhi.

Kwenye mawe ya matumbawe, kama mashariki ya Unguja, kuna jingine tena. Maji hupita kwenye nyufa na mapango, si taratibu kama kwenye mchanga. Visima viwili vya jirani vinaweza kuwa kwenye nyufa tofauti zisizojuana, na kisima cha karibu na ufuko hupanda na kushuka pamoja na maji ya bahari kujaa na kupwa. Hapo kanuni ya "aliye karibu ana sauti kubwa" inapoteza nguvu. Huenda hili ndilo jibu la msikilizaji wetu wa hatua mia mbili, kama kwao ni jiwe. Kama ni mchanga, ningeanza kwa kuuliza tofauti ya kina na ya pampu.

Na si kila chumvi ni ya bahari. Bara kuna maji chumvi mamia ya kilomita kutoka ufukoni: kwenye mabonde yasiyo na pa kutokea kama Bahi huko Dodoma, jua hunyonya maji na kuacha chumvi. Mjini, vyoo vya shimo huongeza chumvi pia, pamoja na naitreti. Maabara inaweza kutofautisha kwa kulinganisha kiasi cha kloraidi na bromaidi ndani ya maji. Ni muhimu, kwa sababu dawa zake ni tofauti: chumvi ya bahari inatibiwa kwa kupunguza kuvuta, ya choo kwa kuhamisha kisima au choo.

Kabla hujamlipa fundi

Omba kuona nukta. Ramani isiyoonyesha visima vilivyopimwa mimi siitumii, hata iwe na nembo ngapi. Ukiziona, tafuta zilizo karibu nawe na uulize kina chake na mwezi wa kupimwa. Kama nukta ya karibu iko kilomita tano, rangi iliyo juu ya kiwanja chako haina neno la kukuambia.

Kisha zunguka mwenyewe kwa majirani na kipima chumvi. Kijiji kikinunua kimoja kwa pamoja kinatosha. Visima kumi vilivyopimwa siku moja, vya kina kinachofanana na unachotaka, vina thamani kuliko ramani ya mkoa mzima.

Watu wa kupima maji ardhini kabla ya kuchimba nao husaidia. Wanachomeka vyuma, wanapitisha umeme, wanaangalia ardhi inaupinga kiasi gani. Maji chumvi hayaupingi sana. Shida ni kwamba mfinyanzi nao hauupingi sana, kwa hiyo kipimo hiki peke yake kinaweza kuita mfinyanzi chumvi au chumvi mfinyanzi. Mpimaji mzuri atataka kujua kisima cha jirani kilipita kwenye nini, na hilo liko kwenye kumbukumbu za uchimbaji. Tanzania bara, anzia ofisi ya bonde la maji (kwa Dar es Salaam na sehemu ya Pwani ni Wami/Ruvu) au RUWASA wilayani. Zanzibar ni ZAWA, Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na mkichimba, fundi awaachie nakala ya kumbukumbu zenu, msimwache aondoke nazo.

Kama maji yenu yanaelea, pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi ni afadhali kuliko kubwa inayovuta kwa pupa, na visima vifupi vilivyoachana ni afadhali kuliko kimoja kirefu.

Ukipima kisima chako kwa ajili ya ramani

Usichukue maji ya tanki. Yamekaa juani, na pengine yamechanganywa na ya boza. Vuta kwanza mpaka yaliyolala kwenye bomba yaishe, ndipo uchukue. Andika tarehe na saa. Karibu na ufuko andika pia kama bahari inajaa au inapwa, na ukirudi siku nyingine upime katika hali ileile. Andika kina, na kama hukijui andika "sijui", usikisie.

Mahali utapata kwenye simu: fungua ramani, subiri ile nukta itulie ukiwa nje pasipo miti mingi, soma namba mbili. Kwa Dar es Salaam zitakuwa karibu na -6.8 na 39.2. Ile alama ya kutoa mbele ya 6 ina maana kusini mwa ikweta. Ukiisahau, kisima chako kinahamia Ethiopia. Ukizipindua namba, ya pili ukaiweka mwanzo, kinaangukia Hispania. Makosa haya ni ya kila siku kwenye majedwali ya visima, na kompyuta huyapokea bila kuuliza. Kama simu haina huduma hiyo, andika jina la kitongoji na umbali kutoka shule au msikiti wa karibu, nao ofisini wataitafuta nukta yenyewe.